Gari Dogo la Haibridi: Faida Yake Iko Kwenye Breki

Muuzaji akikuonyesha gari dogo jipya la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, jambo la kwanza atakalolitaja ni kilomita kwa lita. Ishirini na tano, pengine thelathini na kitu. Ni namba tamu, na inatosha kumfanya mtu aanze kupiga hesabu za akiba kabla hajafungua mlango. Namba hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba haikuambii inatoka wapi, na usipojua inatoka wapi huwezi kujua kama wewe utaipata.

Chukua Toyota Aqua ya kwanza, iliyoingia sokoni Japani Desemba 2011. Kwa kipimo cha zamani cha Kijapani ilitangazwa kilomita 40 kwa lita. Kwa kipimo kilichofuata, JC08, gari hilohilo likashuka hadi 35.4. Likavuka bahari kwenda Marekani kwa jina la Prius c, na huko serikali ikalipima kwa utaratibu wake: maili 50 kwa galoni, yaani kilomita 21 na ushei kwa lita. Injini haikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuendesha wakati wa kupima: kasi, vituo, kiyoyozi, urefu wa safari. Lakini kipimo cha Marekani kilitoa pia namba mbili ambazo wengi huziruka. Mjini Prius c ilipata maili 53 kwa galoni, barabara kuu 46. Gari la kawaida la petroli hufanya kinyume: hunywa zaidi mjini, hupumua barabara kuu. Siri yote ya haibridi ndogo iko kwenye kinyume hicho.

Gari la kilo 1,100 likiwa kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa hubeba nishati ya mwendo ya kilojuli 106 hivi. Ukikanyaga breki kwenye gari la kawaida, nishati yote hiyo inageuka joto kwenye diski na pedi, kisha inapotelea hewani. Ili urudi kwenye kasi ileile, lazima injini ichome petroli upya. Tukikadiria kwamba injini inafaidi robo tu ya nishati iliyomo kwenye petroli, basi kila unaposimama kutoka kasi hiyo umetupa mililita 13, karibu kijiko kimoja cha chakula.

Kwenye haibridi, unapoondoa mguu kwenye mafuta au kugusa breki, mota ya umeme inayozungusha magurudumu inageuka kuwa jenereta. Inalizuia gari, na huku inapeleka umeme kwenye betri. Hairudishi wote, kwa sababu kuna unaopotea katika kwenda na kurudi, na ukifunga breki ghafla breki za kawaida ndizo zinazobeba kazi. Tuseme inaokoa nusu. Hapo kila kituo kinakurudishia mililita sita au saba. Barabara ya kusimama kila nusu kilomita ina vituo 200 katika kilomita 100, na umeokoa lita 1.3 kwa breki peke yake. Barabara kuu ambayo hugusi breki saa nzima inakurudishia sifuri. Hakuna teknolojia inayoweza kukusanya nishati ambayo haikutupwa.

Breki si chanzo pekee, ingawa ndicho kikubwa. Cha pili ni injini kuzimwa kwenye foleni. Injini ndogo ikinguruma bila kwenda popote humaliza zaidi ya nusu lita kwa saa, na kiyoyozi kikiwaka kiasi hicho kinapanda. Haibridi kamili, ile inayoweza kwenda kwa umeme peke yake, huizima, huku kiyoyozi chake kikiendeshwa na umeme wa betri, kwa hiyo unaendelea kupata ubaridi hadi betri ishuke na injini iamke dakika chache kuijaza.

Chanzo cha tatu kimejificha ndani ya injini yenyewe. Nyingi za haibridi hizi hutumia mzunguko uliobuniwa na Mwingereza James Atkinson mwaka 1882. Kwa tafsiri ya leo, vali ya kuingiza hewa huchelewa kufunga, sehemu ya hewa inarudishwa nje, na mlipuko unapata nafasi ndefu ya kutanuka kuliko ile ya kukandamiza. Petroli inafanya kazi zaidi kabla ya kutoka kwenye ekzosi. Toyota ilitangaza kwamba injini ya Prius ya kizazi cha nne, mwaka 2015, ilifikia asilimia 40 ya ufanisi, kiwango ambacho injini nyingi za kawaida za petroli hazifiki. Ubaya wa injini ya namna hii ni ulegevu wa kuanza kuondoka. Ukiifunga peke yake kwenye gari, dereva atalalamika. Mota ya umeme, ambayo ina nguvu zake zote tangu mzunguko wa kwanza, ndiyo inayoziba pengo hilo. Kwa sababu ya injini hii haibridi haiaibiki barabara kuu. Inaokoa kidogo tu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Kilomita kwa lita ni kipimo kinachodanganya macho. Gari kubwa linalopanda kutoka kilomita 8 hadi 14 kwa lita, na gari dogo linalopanda kutoka 18 hadi 25, yanaonekana kana kwamba yamepata faida ileile. La dogo hata linapendeza zaidi. Yaendeshe yote kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari kubwa litakuwa limeokoa lita 800. Dogo limeokoa 233. Sababu ni rahisi: gari dogo lilikuwa halili mafuta mengi tangu mwanzo, na huwezi kuokoa usichokuwa unakitumia.

Kwa hiyo usilinganishe bei ya gari na kilomita kwa lita. Igeuze tofauti ya bei iwe lita. Chukua bei ya haibridi, toa bei ya gari lilelile la petroli lenye gia za otomatiki na vifaa sawa, kisha gawanya kwa bei ya lita moja unayonunua wewe. Nasema gia za otomatiki kwa makusudi, kwa sababu haibridi kamili karibu zote hazina gia za mkono, na ukiilinganisha na toleo la bei rahisi kabisa lenye klachi unalinganisha vitu viwili tofauti. Nasema pia vifaa sawa, kwani viwanda hupenda kuipa haibridi rimu nzuri, kamera na skrini kubwa, halafu mteja akadhani bei yote hiyo ni ya mfumo wa umeme.

Tuseme tofauti imetoka sawa na bei ya lita 1,400. Kwa mtu wa kilomita 15,000 kwa mwaka anayeokoa lita 233, itamchukua miaka sita kurudisha pesa yake. Huenda atakuwa ameshaliuza. Mwenye teksi anayekwenda kilomita 40,000 kwa matumizi yaleyale anaokoa lita 622 kwa mwaka, na amerudisha katika miaka miwili na robo. Lakini mrudishe yule wa kwanza kwenye foleni nzito, ambako gari lake la petroli linashuka hadi kilomita 12 kwa lita huku haibridi ikibaki 23. Anaokoa lita karibu 600 kwa mwaka bila kuongeza hata kilomita moja, na anarudisha katika miaka miwili na miezi minne. Foleni imefanya kazi ileile iliyofanywa na wingi wa kilomita za teksi. Namba za mfano huu nimezipanga mimi, wewe weka zako, lakini mwelekeo hautabadilika: mtu wa safari ndefu za barabara kuu, hata kama anaendesha sana, anaweza kunufaika kidogo kuliko jirani yake anayekwaruzana na mataa kila asubuhi. Kama nchi yako inapunguza ushuru wa magari ya haibridi, tofauti inaweza kufutika siku ya kununua, na mjadala ukaisha hapo.

Kabla ya kupiga hesabu hiyo, hakikisha unachouziwa ni haibridi ya namna gani, maana beji ya nyuma ya gari ni moja na mitambo ni mingi.

Ya kwanza ni haibridi nyepesi. Suzuki imeifunga kwenye magari yake madogo mengi: mahali pa alteneta panakaa kifaa kimoja kinachofanya kazi ya starta na jenereta, kimeunganishwa na injini kwa mkanda. Kinasaidia kidogo gari linapoondoka, kinakusanya umeme kidogo linapopunguza mwendo, na kinaizima na kuiwasha injini kwenye mataa bila kelele. Hakiwezi kulisukuma gari peke yake. Ni nyongeza nzuri ikiwa bei yake ni ndogo. Ukilipishwa kana kwamba umenunua haibridi kamili, umepigwa.

Haibridi kamili ndiyo inayozungumziwa kwenye hesabu za juu, na hata hapo kila kiwanda kina njia yake. Toyota hutumia mota mbili na injini zilizounganishwa kwa gia za sayari: gia moja ya katikati, nyingine zinazoizunguka, na pete ya nje. Mfumo huu huandikwa CVT kwenye karatasi, jina la gia za otomatiki zisizo na hatua, na wanaoogopa gia za mkanda wa chuma hukimbia wakiona herufi hizo. Hakuna mkanda humo. Ni gia zilizoshikana muda wote, bila klachi ya kuisha. Honda Jazz ya mwaka 2020, ambayo kwingine huitwa Fit, inaenda njia nyingine: mjini injini kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme tu, na mota ndiyo inayosukuma magurudumu; ukitulia kwenye kasi ya barabara kuu, klachi inaifunga injini moja kwa moja kwenye magurudumu. Nissan Note e-Power, iliyoanza 2016, haina hata klachi hiyo. Injini yake haigusi magurudumu kamwe. Inaendeshwa kama gari la umeme na raha yake mjini ni kubwa, ila kwenye mwendo wa kasi wa muda mrefu kugeuza petroli kuwa umeme kisha umeme kuwa mwendo ni kuzunguka mbuyu. Renault Clio E-Tech imeondoa klachi ya kawaida kwenye gia zake na huondoka kwa umeme kila mara.

Nikilazimishwa kuchagua, kwa mtu atakayekaa na gari miaka kumi ningempa mfumo wa Toyota. Sababu si mafuta. Ni vitu ambavyo havimo. Hakuna starta, hakuna alteneta, hakuna mikanda ya mbele ya injini ya kukatika. Kazi za hivyo vyote zimechukuliwa na zilezile mota mbili na kifaa cha kushusha umeme wa betri kubwa. Pedi za breki hudumu muda mrefu sana, kwa kuwa mota ndiyo inayosimamisha gari mara nyingi. Hata hili lina upande wake wa pili: breki zisizotumika hushika kutu, na pini za kalipa hukwama kwenye sehemu zenye unyevu au chumvi. Fundi anayetazama unene wa pedi tu na kusema ziko sawa hajamaliza kazi.

Betri ndiyo inayotisha watu, na hofu hiyo imezidi kimo. Kwanza ni ndogo mno. Betri ya Toyota Yaris ya mwaka 2020 haifiki kilowati-saa moja, wakati gari dogo la umeme kama Renault Zoe lilikuja kuwa na 52. Ndiyo maana haibridi ya kawaida haiendi mbali kwa umeme mtupu, na ndiyo maana betri yake, hata ikifa, si gharama ya betri ya gari la umeme. Pili, kompyuta ya gari haiiruhusu ijae kabisa wala iishe kabisa. Inaicheza katikati, na betri zisizofikishwa kwenye ncha huishi miaka mingi. Viwanda vingi hutoa dhamana ya miaka minane kwa betri. Marekani, Toyota iliipandisha hadi miaka kumi au maili 150,000 kuanzia magari ya mwaka 2020.

Adui wa betri ni joto, na hapa pana jambo dogo ambalo karibu hakuna anayemwambia mteja. Kwenye haibridi nyingi ndogo betri iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa na hewa ya ndani ya gari. Chungulia pembeni mwa kiti hicho, chini, karibu na mlango: utaona matundu madogo ya plastiki kama ya spika. Ndani yake kuna feni, na kwenye magari mengi kuna kichujio. Abiria akiegemeza begi pale, au nywele za mbwa na vumbi vikaziba kichujio, betri inapumua kwa shida kila siku ya jua. Kichujio chenyewe husafishwa kwa dakika chache. Ulizia kilipo kabla hujaondoka na gari, na mwambie fundi akiandike kwenye orodha ya sevisi.

Kuna mengine ya fundi. Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa; Aqua ya kwanza ilikuwa na betri ya volti 144, na umeme wa aina hiyo huua. Fundi asiye na glavu za kuzuia umeme na asiyejua pa kuchomoa plagi ya usalama asiziguse. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota, ina maji yake ya kupozea, mbali na ya rejeta ya injini kwenye mifumo mingi, na huwa inasahaulika. Oili nayo: injini hizi zimetengenezewa oili nyepesi sana, kwa vile huwaka na kuzimwa mara nyingi zikiwa na ubaridi. Anayekushauri utie nzito "ili injini idumu" anakurudishia sehemu ya mafuta uliyolipia kuyaokoa.

Upo usumbufu ambao hauishi kwa sevisi. Gari la haibridi bado lina betri ndogo ya volti 12, nayo ndiyo inayoamsha kompyuta. Liache limeegeshwa wiki kadhaa, betri hiyo ikafa, na gari halitaitika hata kama betri kubwa ina umeme. Huwezi kuliwasha kwa kusukuma. Likiharibika njiani, lisivutwe magurudumu yanayosukumwa na mota yakiwa chini, kwani yakizunguka mota inazalisha umeme usio na pa kwenda.

Milima inaonyesha mipaka yake waziwazi. Ukipanda kwa dakika nyingi mfululizo, betri ndogo inaisha na unabaki na injini ya lita 1.5 iliyoundwa kubana, si kuvuta. Inapiga kelele za mzunguko wa juu huku kasi ikipanda taratibu, na masikio yanadhani kuna kitu kimeharibika. Ukishuka, betri inajaa mapema. Kushuka mita mia mbili tatu za kimo kunaweza kuimaliza nafasi yote. Baada ya hapo nishati ya mteremko haina pa kuhifadhiwa, na mfumo unaizungusha injini bila mafuta ili ilizuie gari. Ukisikia injini inanguruma ghafla kwenye mteremko, usishtuke. Tafuta alama ya B kwenye gia, ile ya kulizuia gari kwenye mteremko, na uitumie mapema.

Safari fupi za asubuhi kwenye baridi nazo hupunguza utamu. Injini lazima iwake ili ijipashe joto na kukipasha kifaa cha kusafisha moshi, na mtu anayeendesha dakika tano tu kila mara atashangaa mbona matumizi yake hayafanani na ya wenzake.

Ukienda kulijaribu, usiridhike na kuzunguka mtaa mmoja. Kabla ya kuondoka angalia betri kwenye dashibodi ina vijiti vingapi, futa namba za matumizi ya safari, kisha pita njia unayopita kila siku, ukianzia na sehemu ya foleni. Gari lililoondoka na betri imejaa na kurudi imekwisha litakuonyesha kilomita kwa lita za kupendeza mno, kwa sababu limetumia umeme uliotengenezwa na petroli ya jana. Soma namba pale tu vijiti vimerudi kama vilivyokuwa. Kanyaga breki taratibu kwenye mataa na usikilize pale mota inapokabidhi kazi kwa breki za kawaida; kwenye baadhi ya magari pedali hubadilika ghafla chini ya mguu, na jambo hilo ama utalizoea ama litakukera kila siku. Panda mlima. Kaa kiti cha nyuma. Fungua buti uone kama kuna tairi la akiba au kopo la kuzibia pancha tu. Uliza ukubwa wa tangi pia, maana Yaris ya haibridi ina lita 36, pungufu ya lile la petroli.

Halafu soma karatasi ya dhamana kabla ya kusaini. Tafuta inasema nini kuhusu betri kubwa peke yake, kama muda wake unategemea gari kukaguliwa kila mwaka na wakala, na kama dhamana inakufa gari likitumika kama teksi.